Injini ya Hiace kwenye ndege?

Swali: Naunda ndege ya viti viwili hapa Kibaha, niijaribie shambani Kisarawe. Naweza kufunga injini ya dizeli ya Hiace?

Jibu: Usiifunge, ndugu yangu. Bloku ya 2L, injini hiyo ya Hiace, ni chuma kitupu. Pua italemewa kabla hujapanda. Tena dizeli hubana hewa mara ishirini hivi, kila mlipuko ukaisukasuka shafti. Propela ya mbao inaweza kupasuka palepale penye boliti.

Dizeli ya ndege ipo: Continental CD-135, uzao wa injini ya Mercedes. Ina nguvu za farasi 135, kilo 134 hivi, hunywa Jet A-1, mafuta ya ndege yanayopatikana uwanja wa Dar. Kwako bado nzito. Ningechagua Rotax 912 ya petroli, kilo 60 hivi. Ila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) kwanza, maana ukianguka, mikorosho ya Kisarawe haina huruma.