Ushauri: Niweke Saini Wakimbizi Wasipokelewe?

*Mama, mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji wilayani Kibondo. Wenzangu wameandika barua ya kupeleka wilayani: wakimbizi wapya wasipokelewe tena, na waliopo warudishwe kwao. Inasubiri saini yangu. Mama, hali ni ngumu. Mke wangu hutoka alfajiri kutafuta kuni na kurudi jua likiwa kali. Mihogo yetu huchimbwa usiku. Tuliwahi pia kutekwa barabarani na watu wenye bunduki. Lakini marehemu baba, mwaka 1993, aliwalaza Warundi nyumbani kwetu, na lugha yao na Kiha chetu tunasikilizana. Nikisaini nitakuwa nimedhulumu? Maskini naye si ana haki ya kusema basi?*
*Mjumbe, Kibondo*

Mwanangu,

Haki hiyo unayo. Watu wa Kigoma mmehubiriwa ukarimu miaka mingi na watu wasiochanja kuni katika msitu wenu. Mwalimu Nyerere alipopewa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa jinsi nchi ilivyowapokea wakimbizi, heshima ilikuwa ya Watanzania wote. Lakini miti na maji vilitoka vijijini, kama vinavyotoka kwenu leo.

Ila barua hiyo imefunga mambo mawili kamba moja. La kwanza linasema mzigo umetuelemea. Hilo ni kweli, lisaini. La pili linataka mtu anayekimbia kifo arudishwe alikotoka. Hilo usilitie mkono wako.

Nitakueleza kwa nini. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na miongoni mwao walikuwemo waliotoka kuua. Anayesema hofu ya Watanzania wakati ule haikuwa na msingi hasemi kweli. Nchi ilichoka, milango ikaanza kufungwa. Januari 1997 kundi la Warundi likarudishwa kwao kutoka Tanzania, na zaidi ya 100 kati yao wakauawa na wanajeshi huko Kobero, ng'ambo tu ya mpaka. Waliowavusha hawakufyatua risasi hata moja. Uchovu wao ulikuwa wa kweli kama wako, na watu wale wamekufa.

Wazee wa Afrika waliliona jambo hili mapema. Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa mwaka 1969, ambamo Tanzania imo, unakataza kumzuia mtu mpakani au kumrudisha mahali ambapo uhai wake uko hatarini. Mkataba huo huo unasema nchi iliyoelemewa inaweza kuwaomba wenzake waubebe mzigo pamoja nayo. Waliouandika walijua kwamba mwenyeji naye angekuwa maskini. Hawakumnyamazisha, walimwonyesha wa kumlalamikia.

Basi walalamikieni serikali na wafadhili, si mkimbizi. Mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, masoko ya pamoja mliyokuwa mkiuziana yalifungwa, na mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa kwa sababu wafadhili hawatoi vya kutosha. Aliyezuiwa kulima na kuuza, halafu akapunguziwa unga, atakula nini? Sihalalishi wizi. Anayekamatwa na mihogo yenu apelekwe polisi kwa jina lake, peke yake, na kambi nzima isibebeshwe kosa lake. Vivyo hivyo kwa wenye silaha: mkataba huo wa OAU unakataza mkimbizi kufanya uchochezi dhidi ya nchi yoyote mwanachama, na unataka makazi yake yawe mbali na mpaka. Mna haki kabisa ya kudai ukaguzi na kituo cha polisi.

Kuhusu waliopo, anayetaka kurudi kwao asaidiwe nauli na ulinzi. Lakini kumbana mtu mpaka aseme anataka ni kumfukuza, hata kama fomu imeandikwa hiari.

Kwenye kikao, omba barua igawanywe. Ya mzigo iandikeni kwa hesabu: mashamba mangapi yameibiwa, kisima kinahudumia kaya ngapi, zahanati inaishiwa dawa tarehe gani ya mwezi. Ombeni nishati nyingine ya kupikia kambini, miche ya kupanda, visima, na soko lifunguliwe tena, maana na ninyi mlikuwa mnauza humo. Nakala ziende kwa mbunge wenu na kwa mashirika yanayohudumia kambi. Malalamiko yenye hesabu ni vigumu kuyatupa kando.

Wenzako wakikataa, usisaini, na usiondoke kimya. Mwombe afisa mtendaji aandike sababu zako kwenye muhtasari. Watakuita msaliti kwa muda. Vumilia, usigombane nao, ni jirani zako na shida yao ni yako. Na suala la kuni usilisemee wewe. Mwambie mkeo asimame alieleze mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji, kwa kuwa anaujua msitu huo kuliko wajumbe wote.