Ishara kati ya Mpiga Mbizi na Roboti: Mtazamo wa Kisemiotiki

Utangulizi

Tarehe 29 Septemba 2019, gari lililombeba mama na bintiye liliteleza kutoka feri ya MV Harambee na kuzama katika kivuko cha Likoni. Wapiga mbizi, wakisaidiwa na kamera za majini, walilitoa tarehe 11 Oktoba. Marehemu wakazikwa Makueni. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lilisombwa na mto Enziu, Kitui, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Misiba hii inazua swali la kiisimu: watu huwasilianaje pale ambapo sauti haisemi, hasa mwenza anapokuwa mashine?

Unasibu wa ishara

Ferdinand de Saussure alieleza kwamba uhusiano wa kiashiria na kiashiriwa ni wa nasibu. Hufungwa na makubaliano ya jamii. Nchi kavu, dole gumba lililoinuliwa humaanisha "vyema". Chini ya maji humaanisha "tupande juu". Aliye salama huunganisha dole gumba na kidole cha shahada kuwa duara. Anayechanganya maana hizi huweza kukatiza uokoaji bila sababu.

Sarufi ya roboti

Binadamu hufasiri ishara kwa kusaidiwa na muktadha. Roboti huhitaji kanuni bayana. Mradi wa CADDY wa Ulaya (2014–2016) uliunda Caddian, lugha ya ishara za mikono yenye msamiati na sintaksia. Ujumbe hufunguliwa na kufungwa kwa ishara maalumu, mithili ya herufi kubwa na nukta, ili mkono unaorekebisha barakoa usidhaniwe kuwa amri. Roboti nayo hujibu kwa maandishi ya skrini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota wameijaribu ijibu kwa miondoko ya mwili wake.

Mipaka ya jicho

Lugha hii hutegemea mwanga. Katika mto wa mafuriko uliojaa tope, mkono hauonekani, wala kamera haifui dafu. Hapo mpiga mbizi hutegemea kamba: idadi ya mivuto ndiyo msamiati. Mguso huchukua nafasi ya jicho.

Hitimisho

Ishara hizi si za lugha yoyote inayotamkwa, ila hufunzwa kwa lugha. Wanaisimu wa Kiswahili wana wajibu wa kusanifisha maelezo yake, ili mwokoaji wa Likoni na wa Enziu waafikiane kabla ya kuingia majini. Humo hamna nafasi ya kuulizana maana.