Msaada, Ruzuku au Mkopo?

Mnamo mwaka 2018, Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa EASTRIP wa kuimarisha vyuo vya ufundi nchini Ethiopia, Kenya na Tanzania. Chuo cha Taifa cha Ufundi cha Kisumu kiliteuliwa kuwa kituo cha teknolojia ya nguo. Fedha za aina hii huitwa ‘msaada’ kwa jumla, nalo neno hilo hupotosha. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lilipewa ruzuku ya dola milioni 8, isiyorudishwa. Kenya ilipata mkopo wa dola milioni 60, utakaolipwa na walipa kodi, wakiwemo wanafunzi hao hao. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wa kuliita deni kwa jina lake.