Somo: Kubadilisha Sahani za Klachi ya Pikipiki ya Mizigo ya Chama

Mbeya na Iringa ni nchi ya milima. Mbolea hupelekwa vijijini wakati mvua zimekwisha kulainisha njia, na viazi, pareto na mahindi hushushwa kwa njia hizo hizo. Katika kazi hiyo pikipiki ya magurudumu matatu, ambayo wengi huiita guta, ni msaada mkubwa, kwani hufika pale lori lisipoweza kufika. Lakini milima kama ya Umalila na Kilolo huimaliza klachi mapema kuliko njia ya tambarare. Guta likilala msimu wa mbolea, hasara ni ya wanachama wote.

Kazi ya klachi

Klachi huunganisha injini na gia, na huzitenganisha dereva anapobana mkono wake. Ndani yake zimo sahani za aina mbili zilizopangwa kwa kupishana: zenye ngozi ya msuguano na za chuma kitupu. Springi huzibana pamoja. Ngozi ikilika, sahani huteleza. Injini hunguruma kwa nguvu lakini mwendo hauongezeki, hasa mlimani.

Kupima kabla ya kununua

Klachi kuteleza si lazima iwe imekwisha. Waya ukikazwa mno, sahani hazibanwi sawasawa. Ncha ya mkono wa klachi hutakiwa kucheza milimita 10 hadi 20 hivi kabla waya haujaanza kuvuta. Tena, sahani hizo huzama katika oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za motokaa zina dawa ya kupunguza msuguano. Itumike oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Basi waya urekebishwe na oili ibadilishwe kwanza. Kuteleza kukiendelea, ndipo injini ifunguliwe.

Hatua za kazi

1. Injini ipoe, guta lisimame mahali tambarare na magurudumu yazuiwe kwa mawe. Oili imwagwe katika chombo, si ardhini.

2. Waya ulegezwe, kisha mkono wa kiki na boliti za kifuniko cha upande wa klachi zifunguliwe. Boliti hazilingani urefu. Kila moja ichomekwe katika kadibodi kwa kufuata mahali pake. Kifuniko kigongwe polepole kwa nyundo ya mpira. Kisichokolewe kwa bisibisi, maana uso wake ukikwaruzwa oili itavuja.

3. Boliti za springi zilegezwe kidogo kidogo, kwa kukingamisha. Katika injini nyingi za aina hii ipo pia klipu inayotolewa kwa koleo lake.

4. Sahani zitolewe na kupangwa kwa mfuatano wake. Zenye ngozi zilinganishwe unene na mpya. Za chuma zilazwe juu ya kioo. Iliyopinda au iliyogeuka buluu kwa joto haifai tena. Springi zilizofupika zibadilishwe zote kwa pamoja. Ikiwa kikombe kinachoshika sahani kimechimbika sana, kazi isimame na fundi aitwe.

5. Sahani mpya zenye ngozi zilowekwe katika oili safi kabla ya kufungwa. Boliti za springi zikazwe kwa kukingamisha na bila nguvu nyingi, kwa kuwa ni nyepesi kukatika.

6. Gasketi iwe mpya. Oili ijazwe kwa kipimo cha kitabu cha chombo, waya urekebishwe, na guta lijaribiwe bila mzigo kwanza.

Utunzaji

Dereva asizoee kubana klachi nusu ili kulishikilia guta mlimani. Kazi hiyo ni ya breki. Wala asiteremke huku ameibana, iwe Kitonga au mteremko mwingine wowote, kwa nia ya kubana matumizi ya petroli. Akifanya hivyo injini haizisaidii tena breki, na mzigo humsukuma.

Wajibu wa katibu

Katika daftari la chombo iandikwe tarehe, vifaa vilivyonunuliwa na bei yake. Sahani za zamani zisitupwe mpaka halmashauri imeziona. Kwa njia hiyo mwanachama anayeuliza fedha zake zimekwenda wapi atajibiwa kwa risiti na kwa chuma chenyewe.

Maswali ya kujadiliwa

1. Guta la chama linateleza mlimani. Yatazamwe mambo gani mawili kabla ya kununua sahani?

2. Kwa nini boliti za springi hulegezwa kwa kukingamisha?

3. Je, daftari la chombo cha chama chenu laonyesha ni lini klachi ilibadilishwa, na ni nani aliyelipwa?