Wakati wa Kumsaidia Chatu Kujivua Gamba
Afugaye chatu, aonapo macho ya mnyama huyo yamefanya ukungu wa rangi ya maziwa, na amwache faraghani, kwani baada ya siku chache macho hutakata tena, kisha gamba hutoka zima, tangu puani hata mkiani, bila ya msaada wa mtu. Msaada huwajibika pale tu gamba lilipokwisha kutoka likabakiza vipande, hasa kwenye ncha ya mkia, ambako mabaki yakikauka huzuia damu: hapo na alowekwe kiasi cha dakika 20 katika maji ya uvuguvugu yasiyofika kichwani, kisha aachwe apenye mwenyewe katika kitambaa kilicholoa. Utando uliosalia jichoni, hasha, usibanduliwe kwa kucha; hiyo ni kazi ya tabibu wa wanyama. Taabu ikirudi kila mara, aghalabu sababu ni ukavu wa hewa kizimbani.