Mjane wa Mume Aliye Hai: Somo juu ya Wimbo Ulio Bora

Masomo ya kusoma kwanza: Wimbo Ulio Bora 1:5-6, 2:14, 5:2-8, 8:6-7. Isaya 50:1 na 54:4-8. 2 Samweli 20:3. Yohana 3:29. Waefeso 5:25-32.



Mara nyingi waamini hutuuliza: Je, Wimbo Ulio Bora wafaa kusomwa kanisani, mbele ya watoto na mbele ya wakwe? Wako wazee ambao, wakifika hapo katika Biblia, hugeuza kurasa haraka mpaka Isaya. Wako pia vijana ambao hawajui kitabu kingine ila hicho, nao huchukua maneno yake na kuyaandika katika barua za kutongozea. Hawa na hawa wamekosa. Leo tutajifunza jinsi walimu wa Wayahudi wa kale walivyokisoma, na faida gani sisi wa Uvira twaweza kuipata kwao.

1. SWALI LETU LILIULIZWA ZAMANI

Kitabu hiki kina sura 8 na aya 117. Ndani yake hatukuti amri za Musa, wala kuhani, wala sadaka. Ni mwanamke na mwanaume wanaopendana, wanaotafutana, wanaopotezana na kutafutana tena. Hata jina la Mungu halionekani waziwazi, ila katika 8:6, ambapo neno la Kiebrania la mwali wa moto lamalizika kwa «Yah», kipande cha jina la Bwana.

Baada ya Warumi kubomoa hekalu la Yerusalemu mwaka wa 70, Wayahudi walibaki bila madhabahu. Walichobaki nacho ni Maandiko. Kwa hiyo walimu wao, walioitwa marabi, walishindana juu ya vitabu vichache: je, ni vitakatifu kweli? Mashindano hayo yameandikwa katika Mishna, kitabu cha mafundisho yao kilichokusanywa karibu na mwaka wa 200. Walikuwa na msemo ambao utatushangaza: kitabu kitakatifu «chanajisi mikono», yaani mikono iliyokigusa isiguse chakula cha sadaka mpaka inawe. Basi waliuliza: je, Wimbo Ulio Bora unanajisi mikono?

Hapo akasimama Rabi Akiva. Alijibu kwa nguvu kwamba hakuna Mwisraeli aliyewahi kuutilia shaka Wimbo huu, na kwamba siku ulipotolewa kwa Israeli ina thamani kupita ulimwengu wote. Maandiko yote ni matakatifu, akasema, lakini huu ni patakatifu pa patakatifu. Angalieni, wapenzi: hekalu limebomolewa, na chumba kile cha ndani ambamo kuhani mkuu aliingia mara moja kwa mwaka hakipo tena. Akiva anasema chumba kile kimebaki ndani ya wimbo wa mapendo.

Lakini huyo huyo Akiva alitoa onyo kali. Mtu anayeuimba Wimbo huu kwa madaha katika nyumba ya karamu, akaufanya kama wimbo wa walevi, hana fungu katika ulimwengu ujao. Na Talmudi inasimulia kwamba Torati hujivika gunia na kulia mbele ya Mungu, kwa sababu watoto wake wamemfanya kinanda cha wenye mzaha. Kanisa letu laelewa neno hilo. Tangu mwaka wa 1921 Papa Simon Kimbangu aliwafundisha watu kuacha ngoma na michezo ya aibu, na mpaka leo nyimbo zetu zinazopokelewa hupimwa kwanza kabla ya kuimbwa. Wimbo mtakatifu haubebwi kwenda baa.

2. WALIUSOMAJE?

Marabi walisema: Mpendwa wa kiume ni Mungu, na mpendwa wa kike ni taifa la Israeli. Je, walijitungia? Hapana. Manabii walitangulia. Hosea alionyesha Israeli kama mke aliyemwacha mumewe, naye mume akampeleka jangwani ili aseme na moyo wake. Yeremia 2:2 yakumbusha mapendo ya uchumba. Isaya 54 yasema wazi kwamba Muumba ndiye mume. Marabi walishika ufunguo uliokwisha kutolewa na manabii, wakaufungulia mlango huu. Ndiyo maana mpaka leo Wayahudi wengi husoma Wimbo huu wakati wa Pasaka, sikukuu ya kutoka Misri. Kwao kutoka Misri ni habari ya harusi: Mungu alikwenda kumchukua mchumba wake utumwani.

Tuone mifano mitatu.

Wa kwanza, njiwa katika pango la mwamba (2:14). Walimu walieleza hivi: njiwa amefukuzwa na mwewe, akakimbilia pango, ndani ya pango akakuta nyoka. Kuingia hawezi, kurudi nyuma hawezi. Afanye nini? Apige kelele na kupigapiga mabawa, ili mwenye njiwa amsikie. Huyo ni Israeli kwenye Bahari ya Shamu: Farao nyuma, maji mbele. Ndugu wa Uvira, je, fumbo hilo lahitaji mwalimu? Milima ya Mitumba mgongoni, ziwa Tanganyika usoni, na sisi katikati, juu ya kipande chembamba cha nchi. Oktoba 1996 vita vilipoingia, wengi walishuka mpaka ukingoni mwa maji wakitafuta mtumbwi wa kwenda Kigoma. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika, maji yalitoka mlimani, na ziwa lilikuwa mbele. Mungu, kwa maneno ya aya ile, anataka kuona uso wa njiwa na kusikia sauti yake. Kilio chako hakimchoshi. Ni sauti anayoipenda.

Wa pili, mwanamke mweusi (1:5). Marabi walisema: Israeli ni mweusi kwa matendo yake mwenyewe na mzuri kwa matendo ya baba zake, mweusi siku sita za kazi na mzuri siku ya Sabato. Hapa sisi Waafrika tusome kwa makini. Wao walitafuta fundisho la toba, na toba ni njema. Lakini aya ya 6 yajieleza yenyewe: jua ndilo lililomchoma, kwa sababu ndugu zake walimweka kulinda mashamba yao ya mizabibu. Weusi ule ni alama ya kazi, kama ya mama anayeinama tangu asubuhi katika mashamba ya bonde la Ruzizi. Dhambi haitajwi pale. Tena neno dogo la Kiebrania ambalo Biblia nyingi zimelitafsiri «lakini» laweza pia kuwa «na». Mweusi na mzuri. Mtu asikudanganye kwamba Biblia yaona haya juu ya ngozi yako.

Wa tatu, mlango (5:2). Mpendwa anabisha usiku. Walimu walisema Mungu anawaambia watoto wake: nifungulieni tundu la toba dogo kama la sindano, nami nitawafungulia milango ambayo magari ya kukokotwa yatapita.

3. MJANE WA MUME ALIYE HAI

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Talmudi yasimulia kwamba Akiva alikuwa mchungaji maskini, asiyejua kusoma. Binti wa tajiri wake aliona moyo wake mwema, akakubali kuolewa naye ikiwa atakwenda kusoma. Baba yake mzazi alimfukuza na kumnyima mali. Akiva akaenda miaka 12. Aliporudi, kabla ya kuingia nyumbani alisikia mzee mmoja akimcheka mke wake: mpaka lini utaishi kama mjane wa mume aliye hai? Mke akajibu kwamba kama mumewe angemsikiliza, angekaa miaka 12 mingine akisoma. Akiva akageuka, akarudi shuleni. Mwishoni alirudi na wanafunzi 24,000. Mama yule maskini akaja kumwangukia miguuni, na watumishi wakataka kumsukuma. Akiva akawakataza: yote niliyo nayo mimi, na yote mliyo nayo ninyi, ni ya huyu mama.

Basi mtu aliyeutetea Wimbo Ulio Bora alijua kwa nini mwanamke wa sura ya 5 anazunguka mji usiku akiuliza habari za mpendwa wake. Mke wake mwenyewe alingoja miaka 24.

Karibu na miaka elfu moja baadaye alitokea mwalimu mwingine, Rashi (1040-1105), wa mji wa Troyes, Ufaransa. Katika siku zake, mwaka wa 1096, Wayahudi wa Worms na Mainz, miji aliyosomea ujanani, waliuawa na watu waliokuwa wakienda vita vya msalaba. Rashi aliandika maelezo ya Wimbo huu. Alisema Israeli katika uhamisho ni mjane wa mume aliye hai. Neno hilo latoka 2 Samweli 20:3. Mume hayupo nyumbani, lakini hakufa, wala hakuandika hati ya talaka. Ndivyo Isaya 50:1 inavyouliza: iko wapi hati hiyo? Kwa hiyo mke anakumbuka mapendo ya kwanza, naye mume anateseka pamoja na mateso yake.

Wapenzi, kanisa letu lina mama aliyeishi fumbo hili. Papa Simon Kimbangu alikamatwa mwaka wa 1921. Alihukumiwa kufa, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akapelekwa mbali sana na Nkamba, huko Elisabethville, mji unaoitwa sasa Lubumbashi. Alikaa gerezani miaka 30, mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Muda huo wote Mama Muilu Marie alibaki na watoto watatu, akalishika kanisa kwa siri, wakati kuomba tu kulikuwa hatia. Mzee yule wa Talmudi angemcheka vilevile. Yeye hakuona kwamba ameachwa. Mama Muilu alifariki Aprili 1959, na mnamo Desemba mwaka ule ule serikali ililitambua kanisa. Alipanda bila kuvuna.

Hapa kwetu nao wapo wengi. Mume alikwenda kwenye dhahabu ya Misisi au Kamituga. Au alivuka ziwa wakati wa vita, na habari zake zimekatika. Mama auza ndagala sokoni, alipa shule ya watoto, na jioni majirani humwuliza swali lile lile la mzee. Mama mpenzi, Wimbo Ulio Bora umeandikwa pia kwa ajili yako. Katika Biblia, mwanamke anayengoja ndiye picha ya watu wa Mungu.

Nanyi akina baba, msijifiche nyuma ya Akiva. Yeye alitumwa na mke wake, akarudi, akampa heshima yote mbele ya watu. Mwenye kwenda mgodini na kuoa mwingine huko hakufuata mfano wake.

4. HATARI MBILI

Hatari ya kwanza ni haraka. Mara tatu (2:7, 3:5, 8:4) Wimbo waapisha kwamba mapendo yasiamshwe kabla ya wakati wake. Marabi walifundisha: Israeli asilazimishe siku ya ukombozi. Lakini Akiva mwenyewe alimsifu Bar Kokhba, kiongozi wa vita juu ya Warumi (132-135), kuwa ndiye Masihi. Haikuwa hivyo, watu wengi sana walikufa. Ikiwa mwalimu mkubwa namna ile alikosa, sisi tupime kila unabii unaotaja siku na saa.

Hatari ya pili ni aibu kuitaja, lakini lazima tuitaje. Katika vyumba vya maombi vya mahali pengine, mtu ajiitaye nabii humwambia binti au mke wa mtu: Roho amenionyesha wewe ni mpendwa wangu wa Wimbo Ulio Bora. Huo ni wizi. Katika mafundisho haya Bwana arusi ni mmoja tu. Yohana Mbatizaji, nabii mkubwa, alijiita rafiki wa Bwana arusi, akafurahi kusikia sauti yake (Yohana 3:29). Rafiki humsindikiza bibi arusi, hamgusi. Anayetumia fumbo hili kwa tamaa yake amefanya lile ambalo Akiva alilikataza, hata kama nyumba yake ya karamu inaitwa chumba cha maombi.

5. MWISHO

Je, fumbo lafuta mapendo ya mume na mke? Hapana. Paulo katika Waefeso 5 ashika yote mawili: Kristo na kanisa, mume na mke wake. Kama mapendo ya nyumbani yangekuwa machafu, Mungu asingeyachukua kuwa mfano wake. Tusisahau kwamba katika maneno yetu matatu, Upendo, Amri, Kazi, Upendo watangulia.

Akiva aliuawa na Warumi karibu na mwaka wa 135. Walichana mwili wake kwa vitana vya chuma, naye akaomba maneno ya Kumbukumbu la Torati 6:4-5. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba siku zote alitamani kumpenda Mungu kwa nafsi yake yote, na sasa nafasi imefika. Rudi usome 8:6-7, juu ya mapendo na mauti, na juu ya maji mengi. Sisi tunaokaa kando ya maji mengi tuelewe.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini Akiva alikataza Wimbo huu usiimbwe katika karamu?
2. Katika kikundi chetu, ni mama gani anayengoja? Tumemtembelea lini?
3. Tutamtambuaje rafiki wa Bwana arusi, na mwizi tutamtambuaje?

Mungu awabariki.