Tangi la Samaki Darasani: Vyombo Gani Vinunuliwe Kwanza?

Wanafunzi wengi wanapotazama picha za matumbawe ya bahari hutamani kuona tangi la namna hiyo katika chumba cha sayansi. Hamu hiyo ni njema. Lakini fedha za chama cha wanafunzi ni chache, na samaki ni kiumbe chenye uhai. Vyombo vikichaguliwa vibaya, fedha hupotea na samaki hufa. Basi nitaeleza kila chombo na kazi yake, kisha tuamue kama tuanze na bahari au na ziwa letu la Mweru.

1. TANGI. Hewa huingia majini kwa juu, kwa hiyo tangi pana ni bora kuliko tangi refu la kwenda juu. Mtungi wa mviringo haufai. Tuchukue tangi la urefu wa sentimeta 60, upana 30 na kimo 40. Tukilijaza hadi sentimeta 35, hesabu ni 60 × 30 × 35 = 63,000, yaani lita 63. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukiongeza kioo na mchanga, uzito hukaribia kilo 80. Hivyo chombo cha kwanza kabisa ni meza imara iliyosawazishwa, mbali na jua la dirishani.

2. CHUJIO NA PAMPU YA HEWA. Mavi ya samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria wa namna moja huigeuza kuwa naitraiti, ambayo pia ni sumu. Wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hao hukaa katika sponji la chujio, lakini huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka. Basi washa pampu, tia chembe za chakula kila siku, wala usitie samaki. Nunua vipimo vya amonia na naitraiti kabla ya pambo lolote, maana maji yanayong'aa huweza kuwa na sumu.

Tukumbuke umeme. Mwaka 2024, ukame ulipopunguza maji ya Kariba, nchi yetu ilikatiwa umeme kwa saa nyingi kila siku. Pampu inayoweza kutumia betri ni ya lazima kwetu. Ikikosekana, chota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu, mara kwa mara, ili hewa iingie.

3. CHUMVI. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita. Lita 63 zahitaji gramu 2,205. Tukibadili sehemu moja ya kumi kila wiki, mwaka mmoja utatumia kilo 11 na nusu zaidi. Chumvi ya jikoni haifai, kwa sababu haina kalsiamu na magnesiamu ya kutosha kujenga matumbawe. Tena twahitaji kipimachumvi, maana maji yanapokauka chumvi hubaki. Pengo hujazwa kwa maji matamu tu. Nasi kutoka Nchelenge hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilometa 1,000.

4. TAA NA JOTO. Ndani ya matumbawe huishi mimea midogo sana inayoyalisha kwa nguvu ya mwanga. Kwa hiyo bahari yataka taa kali na joto la nyuzi 24 hadi 27 lisilobadilika. Samaki wa ziwa huridhika na taa ya kawaida na kipimajoto.

5. SAMAKI NA MAJI. Pale huwa mkubwa mno kwa lita 63, na chisense hufa upesi akishikwa. Wafaa samaki wadogo wa jamii ya pale wasiozidi urefu wa kidole, wanne au watano tu, waliopatikana wakati uvuvi umefunguliwa. Usichote konokono wala majani ya ufukweni, kwani konokono huleta kichocho. Maji ya ziwa yakae saa 48 kabla ya kuyagusa. Ya kisima ni salama zaidi.

Wala usimwage ziwani samaki aliyetoka mahali pengine. Sangara alitiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na aina nyingi za samaki wa asili zikatoweka. Watu wa Nchelenge, na wa Kilwa na Pweto ng'ambo ya Kongo, wanaishi kwa ziwa hili.

Kwa kifupi, tuanze na maji matamu: meza, tangi, pampu ya betri, sponji, vipimo na kipimajoto. Tangi hili likidumu mwaka mzima bila vifo, ndipo tuzungumze habari za chumvi. Wanafunzi wa zamani wanaotaka kutusaidia, watuletee kwanza vipimo, kwa kuwa ndivyo vigumu kupatikana huku. Mwenda pole hajikwai.

MASWALI YA KUJIPIMA
1. Kwa nini tangi pana ni bora kuliko tangi refu?
2. Tangi lina sentimeta 80 × 30, na maji yamefika sentimeta 35. Lina lita ngapi, na lingehitaji gramu ngapi za chumvi?
3. Umeme umekatika kwa saa sita. Utafanya nini, na kwa sababu gani?